Jibu: Hilux ya kubeba kijumba cha kulalia

Ndugu, umeuliza kama kuongeza lame moja (bamba la springi) nyuma kutatosha ili pikapu yako ya Hilux ibebe kijumba cha kulalia. Kwanza pima gari kwenye mzani, kijumba kikiwa juu, maji, mafuta na watu ndani, ulinganishe na uzito wa juu ulioandikwa na kiwanda. Lame haiongezi kiwango hicho: fremu, ekseli, breki na matairi ni yaleyale. Tafadhali usikipite, una familia humo.

Ukiwa ndani ya kiwango lakini nyuma inalala, badilisha seti nzima ya lame pamoja na amortisa (shokapu). Amortisa peke yake hazibebi mzigo, zinatuliza mtikisiko tu. Na kijumba kikae mbele kadiri inavyowezekana. Uzito mwingi ukipita nyuma ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi, hatari kabisa ukiiacha lami ya Lubumbashi.