Mberoshi unakauka ndani: weka makasi pembeni kwanza

Mkuu, umeuliza kama ule mberoshi wako wa dhahabu, Goldcrest, ukatwe nusu ili uchipue upya, maana ndani umejaa majani ya kahawia. Usikate. Na kama kuna fundi bustani anakusukuma ukate, mwambie asubiri.

Mchongoma ukiukata hadi kwenye shina unachipua. Mberoshi hauna tabia hiyo. Ukivuka sehemu ya kijani ukaingia kwenye kijiti kisicho na jani, hapo hapachipui tena, panabaki pengo. Nimeona ua zima la miberoshi limeharibiwa hivyo kwa asubuhi moja, na mwenyewe bado anamwagilia akisubiri machipukizi.

Sasa fungua matawi kwa mikono utazame ndani. Kama ukahawia umeenea sawasawa karibu na shina, na ncha za nje zote zinang'aa, basi hayo ni majani ya zamani yaliyokosa mwanga. Mti unayaacha wenyewe. Yapukute utoe takataka, hewa ipite.

Kama ukahawia uko upande mmoja au umekaa kwa mabaka, tafuta sisimizi. Wakipanda na kushuka kwenye shina, mara nyingi kuna vidukari juu, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu. Vidukari wa mberoshi ni wa kijivu-kahawia, wanajipanga kwenye gome la vitawi na wanafanana nalo hasa, kwa hiyo mtu anaweza kupita mara kumi asiwaone. Chini yao majani yananata, kisha yanashika ukungu mweusi kama masizi. Wapige kwa maji yenye nguvu, na wakiwa wengi tumia dawa ya vidukari kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Usishangae tawi likiendelea kukauka hata baada ya wao kwisha: mate yao yanadhuru mti.

Tawi moja likigeuka jekundu-kahawia peke yake huku gome limepasuka na linatoa utomvu, huo ni ugonjwa wa kuvu. Hapo ndipo makasi yanaruhusiwa. Kata mpaka kwenye sehemu yenye afya, pangusa makasi kwa spiriti kila mkato, na usiyatumie matawi hayo kama matandazo ya kufunika udongo.

Ila kinachoua miberoshi mingi ni matatizo ya mizizi. Mti uliozama maji na mti wenye kiu vyote hukauka ncha, kwa hiyo ukiona ukavu usikimbilie mpira wa maji. Chimba kidogo pembeni uguse udongo kwanza. Na mberoshi huchelewa kuonyesha: rangi ikibadilika, mizizi imeteseka muda mrefu. Mwagilia taratibu hadi maji yazame, kisha acha udongo wa juu ukauke. Matandazo yasiguse shina.

Kumbuka pia mti huu asili yake ni pwani ya Monterey, California, kwenye ukungu na upepo wa bahari. Ndiyo maana ukiwekwa sebuleni kwenye hewa kavu hunyauka haraka, na ukiwekwa kivulini ile dhahabu inageuka kijani. Wauzaji wanaouita mti wa mezani wananiudhi, maana ukipandwa ardhini unapita mita 5.

Kupogoa kwenyewe ni kupunguza ncha za kijani tu, kidogo kidogo, si wakati wa jua kali. Juu pawe pembamba kuliko chini, vinginevyo matawi ya chini yatakosa mwanga yaanze kukauka.

Kama pengo tayari lipo, chukua tawi hai lililo jirani, livute taratibu lipite juu yake, ulifunge kwa kamba laini. Ikaguekague hiyo kamba, uilegeze kabla haijakaba gome. Tawi likizoea mkao mpya, ifungue kabisa.