Kipimo cha Korona Kimetoka Mstari Mmoja, Viungo Bado Vyauma

Ujumbe umetoka Langoni, mtaa wa hapa Lamu. Mama mtu ana homa tangu juzi, vifundo vya mikono vimevimba hata kikombe hakishiki. Wamenunua kipimo cha korona, kikatoka mstari mmoja, nyumba nzima ikashusha pumzi. Sasa binti anauliza: nimpe diklofenaki?

Dada yangu, usimpe. Hilo kwanza.

Homa yenye maumivu ya viungo hapa kwetu, kabla haijajulikana ni nini, dawa yake ni parasetamo peke yake: mtu mzima vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa siku nzima, na mwenye ini bovu amuulize daktari kwanza. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini zikae mbali mpaka dengi, homa ya virusi inayoletwa na mbu, iondolewe shakani. Dengi hupunguza chembe zinazogandisha damu. Dawa hizo nazo huzidi kuizuia damu isigande na hukwangua tumbo. Najua zinapendwa, hasa sindano, kwa kuwa maumivu hutulia upesi na mteja huondoka akishukuru. Shukrani hiyo isikudanganye.

Tuje kwenye kipimo. Mstari mmoja siku ya pili ya homa haujasema kitu. Mwanzoni mwa janga watu walikuwa hawana kinga yoyote, na virusi vilikuwa vimeshajaa puani dalili zinapoanza. Siku hizi karibu kila mwili umeshaonana na korona au chanjo yake, kwa hiyo kinga huamka mapema, homa ikatangulia, virusi vikajaa baadaye. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2023 ulionyesha kwamba virusi hufika kileleni karibu na siku ya nne ya dalili. Ndiyo maana mtu hupima siku ya kwanza, akaambiwa hana, akaenda harusini. Rudia baada ya saa 48. Mwenye dalili anahitaji majibu mawili ya hapana. Asiye na dalili aliyekaa na mgonjwa, matatu.

Na mpime sawasawa. Kijiti kiingie kama sentimita mbili, kizungushwe kikigusa ukuta wa pua, pua zote mbili. Kupapasa mlangoni tu hakutoshi. Matone yawe idadi iliyoandikwa kwenye karatasi ya maelezo, wala msikisie. Soma kwa muda uliotajwa, mara nyingi dakika 15. Mstari uliojitokeza saa mbili baadaye hauna maana, lakini mstari wa pili, ule wa T, hata ukififia, ukitoka ndani ya muda ni korona. Vipimo vingi haviruhusiwi kupita nyuzi 30 za joto, na kaskazi inapovuma, duka la mabati linazipita kabla ya adhuhuri. Kipimo kilichopikwa hakina habari.

Mkingoja kurudia, msimlaze mama chumba cha ndani kabisa. Virusi vya korona huelea hewani. Mlazeni karibu na kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba, madirisha wazi, anayemhudumia avae barakoa. Chandarua nacho kishushwe mchana, nitaeleza kwa nini.

Vifundo vilivyovimba vinanifikirisha chikungunya, homa nyingine ya mbu, kuliko korona. Watu wa Lamu hawapaswi kufundishwa ugonjwa huu: mwaka 2004 ulipita kisiwani, na uchunguzi wa damu mwezi Oktoba ukakuta asilimia 75 ya waliopimwa wameambukizwa. Kwa kisiwa cha watu wapatao 18,000, hao ni kama 13,500. Kulikuwa na ukame, watu wakaweka maji majumbani, mbu wakapata pa kuzalia. Kutoka pwani hii ugonjwa ukaenda Ngazija na visiwa jirani mwaka 2005, kisha Réunion na India, na huko Réunion kirusi kikabadilika herufi moja tu ya protini, kikaweza kusafiri na mbu wa aina nyingine.

Hospitalini taja siku ya homa. Ndani ya siku tano za kwanza, dengi itafutwe kwa kipimo cha NS1, kinachosaka protini ya kirusi chenyewe. Baada ya hapo zipimwe kingamwili za IgM, askari wa kwanza ambao mwili huwatoa kupambana na kirusi. Malaria ipimwe hata hivyo. Na jibu moja la kingamwili lisifunge mjadala: mwaka 2020 huko Singapore wagonjwa wawili walionekana wana dengi kwa kipimo cha haraka, kumbe walikuwa na korona.

Mbu wa dengi na chikungunya ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na hupenda maji safi yaliyotulia. Akimuuma mama wiki hii atawapelekea wengine. Ndiyo sababu ya chandarua. Mayai huyagandisha ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, nayo hustahimili ukavu kwa miezi. Kwa hiyo kumwaga maji hakutoshi: sugua kuta za pipa kwa brashi kila wiki, maana yai kuwa mbu huchukua siku saba hadi kumi. Tangi lifunikwe wavu usio na tundu. Birika la nyumba ya kale, lile hodhi la maji, liwekewe samaki wadogo kama walivyofanya wazee. Wanakula viluwiluwi vya mbu. Na zile ndoo za kunawia mikono za wakati wa korona, zilizosahaulika nyuma ya mlango na maji yake, ziangalieni leo.

Hatari ya dengi huja homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba. Mama akipoa kisha tumbo likamuuma sana, akatapika mfululizo, fizi zikatoka damu, akawa hatulii au akasinzia ovyo, hospitali saa hiyohiyo. Ndugu zetu wa Siyu, kisiwani Pate, wahesabu na maji pia: yakipwa mashua haitoki, basi homa ikianza kushuka mgonjwa asogezwe Lamu mapema, kabla dalili hizo hazijaonekana.