Vilima Uholanzi bila gari: anzia Rheden
Ndugu, umeuliza kama Uholanzi kuna vilima vya kutembea siku nzima bila gari. Vipo! Ukiwa Arnhem, mji wa mashariki mwa nchi, panda treni ya kwenda Zutphen inayosimama vituo vidogo, shuka Rheden, kisha kata msitu kuelekea vilima vya Posbank, ndani ya hifadhi ya Veluwezoom. Unazunguka na kurudi stesheni ileile. Kimo ni kama mita 90 tu, lakini njia hupanda na kushuka mfululizo. Vilima hivyo vilisukumwa na barafu ya zama za kale. Nenda mwishoni mwa Agosti, vichaka vifupi viitwavyo heide vinapochanua zambarau bonde zima. Wikendi wahi asubuhi, panajaa. Ukirudi jikague kupe, hasa nyuma ya magoti: wanaweza kuambukiza ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na bakteria.