Maswali na majibu: Mabwana waliolala mbele ya madhabahu

Leo najibu walioniuliza kuhusu makaburi ya makabaila ndani ya makanisa ya vijijini Uingereza. Mfano wangu ni kanisa la St Mary, Bottesford, Leicestershire, walipozikwa ma-Earl (cheo cha kikabaila cha kurithi) wanane wa Rutland, wa ukoo wa Manners.

Kwa nini wazikwe ndani na wanakijiji nje?

Mwenye ardhi mara nyingi ndiye aliyekuwa na haki ya kumteua kasisi, basi nani angemkatalia? Zamani kulala karibu na madhabahu kulikuwa njia ya kukumbukwa katika misa. Karne ya 16, misa za kuombea wafu zilipofutwa, kaburi likageuka tangazo la ukoo: ngao, vyeo, kaoa kwa nani.

Ni marumaru kweli?

Mengi siyo. Ni alabasta, aina ya jasi laini ambayo hata ukucha unaikwaruza. Mwaka 1591 Gerard Johnson, mchongaji mhamiaji kutoka Uholanzi mwenye karakana Southwark, London, alitengeneza makaburi ya Earl wa tatu na wa nne. Yalipakiwa melini hadi Boston, bandari ya Lincolnshire, kisha yakamaliziwa safari kwa mikokoteni. Marumaru nyeupe ilishika baadaye: Earl wa saba na wa nane wamesimama kwa marumaru wakiwa wamevaa Kirumi, kana kwamba Leicestershire iko jirani na Roma.

Nimesikia kaburi moja linataja uchawi. Uzushi?

Si uzushi. Ni la Francis Manners, Earl wa sita, aliyefariki 1632. Sanamu yake imelala pamoja na za wake zake wawili, na maandishi yanasema wanawe wawili walikufa wachanga kwa vitendo viovu na uchawi.

Waliosingiziwa ni Joan Flower na binti zake Margaret na Philippa, waliowahi kutumika katika ngome ya Belvoir, makazi ya Earl huyo. Margaret alifukuzwa kazi kwa tuhuma za wizi, kisha Henry, mtoto wa Earl, akafa 1613. Katika maungamo yaliyoandikwa, eti glavu ya Henry ilisuguliwa kwenye mgongo wa paka aitwaye Rutterkin. Joan alifia njiani akipelekwa gerezani. Mabinti walinyongwa Lincoln, Machi 1619.

Sasa hesabu mwenyewe. Mtoto wa pili, Francis, alifariki 1620, wachawi wenyewe wakiwa wameshanyongwa karibu mwaka mzima. Hilo halikumzuia mchongaji wala aliyemlipa. Cheo kikaenda kwa mdogo wake Earl, kwa kukosa mrithi wa kiume.

Na sanamu za watoto wanaoshika mafuvu?

Walitangulia kufa kabla ya wazazi. Wavulana hao wawili wamechongwa hapohapo na mafuvu yao. Joan na binti zake hawana hata jina kwenye jiwe hilo.