Ufufuo Baada ya Pasaka: Maswali ya Wasomaji

Tangu Pasaka ipite, barua nyingi zilizonifikia zinagusa jambo moja: waandishi wake hawabishani juu ya kaburi tupu, ila wanataka kujua ufufuo una kazi gani katika siku za kawaida. Nimechagua tano na kuzifupisha bila kugeuza hoja zake.

Bwana asifiwe, Mchungaji. Mimi ni karani wa ghala, Morogoro. Ninaamini kwamba Kristo alifufuka na kwamba nami nitafufuliwa, lakini ikifika Jumanne nahesabu magunia kama mtu mwingine yeyote. Imani hiyo inabadilisha nini?

Bwana asifiwe sana. Soma 1 Wakorintho 15 mpaka mwisho, kisha usifunge Biblia. Paulo aliandika barua hiyo akiwa Efeso, katikati ya miaka ya 50, kwa kanisa ambalo baadhi ya watu wake walidai kwamba hakuna ufufuo wa wafu. Anawajibu kwa hoja ndefu kuliko zote alizoandika juu ya jambo hili, akipitia mashahidi, Adamu, mbegu na parapanda, na msomaji angetarajia amalizie kwa habari za mbinguni. Badala yake, mstari wa 58 unarudi kwenye kazi: "mkazidi sana kutenda kazi ya Bwana sikuzote, kwa kuwa mwajua kwamba taabu yenu siyo bure katika Bwana." Mara baada ya hapo, sura ya 16 inaanza na mchango wa fedha kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, na agizo kwamba kila mtu aweke akiba siku ya kwanza ya juma. Mgawanyo wa sura tulio nao ni wa karne ya 13, si wa Paulo, na hapa umetukosesha kitu, kwa sababu wengi wetu huishia kwenye parapanda na hatufiki kwenye mchango.

Katika mstari wa 32 Paulo anasema kwamba kama wafu hawafufuliwi, basi "na tule, na tunywe, maana kesho tutakufa." Karani anayeombwa aandike magunia 100 ilhali yamepokelewa 98 anakutana na hoja hiyo hiyo ikiwa imevaa nguo za kazi: hakuna atakayejua, na maisha ni mafupi. Sisemi kwamba asiyeamini hawezi kuwa mwaminifu ghalani. Wapo, na wengine wanatuaibisha. Tofauti iko pale uaminifu unapokugharimu na hakuna anayekushukuru. Hapo wewe unaamini kwamba hesabu ile haikupotea, hata kama daftari lenyewe litaliwa na mchwa.

Shikamoo Mchungaji. Tulipomzika mama yetu, mzee mmoja wa kanisa alitukemea mbele ya waombolezaji kwamba Mkristo halii, kwa kuwa anajua marehemu atafufuka. Dada yangu hajarudi kanisani tangu siku hiyo. Je, tulikosa?

Marahaba. Poleni sana kwa msiba, na poleni kwa kemeo hilo. Hamkukosa.

Bila shaka mzee huyo alikuwa na 1 Wathesalonike 4:13 kichwani, lakini Paulo hakuandika "msihuzunike" akaweka nukta. Aliandika "msije mkahuzunika kama na wengine wasio na matumaini," akitofautisha huzuni na huzuni. Kisha kuna Yohana 11. Lazaro ana siku nne kaburini, na Martha amekwisha kukiri fundisho lote kwa usahihi, kwamba ndugu yake atafufuka siku ya mwisho. Yesu anajua atakachokifanya muda mfupi baadaye, lakini mstari wa 35 unasema, "Yesu akalia machozi." Kama kuujua ufufuo kungekausha macho ya mtu, yake yangekuwa ya kwanza kukauka. Zaidi ya hayo, 1 Wakorintho 15:26 inakiita kifo adui wa mwisho, na sijui ni kwa mantiki gani mtu aliyevamiwa na adui anatakiwa kutabasamu.

Katika mazishi ya Kikatoliki, mshumaa wa Pasaka, ule ule uliowashwa kwa moto mpya usiku wa mkesha, huwekwa karibu na jeneza, na watoto wa marehemu hulia pembeni yake. Sijaona sababu ya kuondoa kimoja ili kingine kibaki.

Kuhusu dada yako, msimpelekee mistari. Mwombeni mchungaji wenu aende kwake pamoja na mzee huyo, na mzee aombe radhi kwa maneno yaliyo wazi.

Baba yetu ameandika wosia kwamba akifa achomwe. Ukoo unasema Mungu hatakuwa na cha kufufua.

Mashahidi wa Uganda walichomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886, na sijamsikia Mkristo yeyote akihofia kwamba Charles Lwanga na wenzake wataachwa siku ya mwisho. Kanisa Katoliki liliruhusu kuchoma maiti mwaka 1963, mradi nia isiwe kuukana ufufuo, na mwaka 2016 likaelekeza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Kwa Waanglikana wa Kenya, mwili wa Askofu Mkuu mstaafu Manasses Kuria ulichomwa mwaka 2005. Ukoo una haki ya kusikitika kwa kukosa kaburi la kwenda kulitembelea, ila wasiyaite masikitiko hayo fundisho la Biblia. Zungumzeni na mzee sasa, angali hai.

Mchungaji, mama mkwe wangu amepooza, na mimi ndiye ninayemwogesha na kumlisha. Kanisani nasikia kila mara kwamba mwili ni udongo tu, kilicho muhimu ni roho. Mbona basi nahangaika hivi?

Pole kwa kazi hiyo, mama. Anayekuambia mwili ni udongo tu amesahau kwamba Imani ya Mitume, lile ungamo linalotamkwa kanisani, haiishii kwenye roho kwenda mbinguni, bali inakiri ufufuo wa mwili. Katika Luka 24 Yesu mfufuka anaomba chakula, anapewa kipande cha samaki wa kuokwa, naye anakula mbele yao. Katika Yohana 20 alama za majeraha bado zipo, na Tomaso anaambiwa alete mkono wake. Naye Paulo, akisema katika 1 Wakorintho 6 kwamba mwili ni kwa Bwana, anatoa sababu yake papo hapo: Mungu alimfufua Bwana, na sisi pia atatufufua.

Kwa hiyo unapomgeuza kitandani kila baada ya saa chache ili asipate vidonda kiunoni na visiginoni, unautunza mwili ambao Mungu ameuahidia uzima. Lakini nisiishie hapo, maana maneno kama haya huweza kutumiwa kumbebesha mkwe mmoja mzigo wa ukoo mzima. Wanawe na wakwe wengine wanaukiri ufufuo huo huo, basi wapangiane zamu. Jumuiya yenu nayo iulizwe ni nani atakayekaa na mgonjwa Jumamosi ili wewe upumzike.

Kila Jumapili natamka kwamba naamini ufufuo, na kuna Jumapili nyingine siamini hata kidogo. Je, ninyamaze?

Usinyamaze. Wanawake walipoleta habari kutoka kaburini, mitume waliona ni upuzi, kwa ushuhuda wa Luka 24:11. Mathayo anakwenda mbali zaidi, na ninamheshimu kwa kutokulificha jambo hili. Huko Galilaya wale kumi na mmoja wanamwona Yesu kwa macho yao, wanamsujudia, "lakini baadhi yao waliona shaka." Hasemi walikuwa wangapi wala akina nani, na agizo la kwenda kwa mataifa yote, mistari miwili baadaye, halikuwaruka.