Ukiambiwa "Hawa Ni Madume Watupu", Mgeuze Samaki Kwanza

Juzi msomaji wa Kibaha kaniandikia: "Kaka, niliuziwa sato dume watupu. Leo nimevuta wavu, samaki kafungua mdomo, kanimwagia vifaranga mkononi. Nimepigwa?"

Umepigwa, ndugu yangu. Karibu chamani.

Mimi nilipigwa mwaka 2019. Bwawa la mita 20 kwa 30, limechimbwa kwa pesa ya kiinua mgongo, nikapandikiza vifaranga 1,800, watatu kwa kila mita ya mraba. Aliyeniuzia (simtaji, anajijua) aliapa wote ni madume. Nilitaka madume kwa sababu unayoijua na wewe: dume anakua haraka, jike nguvu zake zinaishia kwenye mayai, na akiatamia mayai na vifaranga mdomoni hali chakula. Pasipo jike bwawa halijai watoto.

Langu lilijaa. Mwezi wa nne, kila asubuhi pembezoni kunachemka vifaranga. Mke wangu akainama, akatazama, akasema, "Baba Neema, mbona tunafuga dagaa?" Nilimnunia siku mbili. Siku ya kuvuna, wengi walitosha kiganjani. Jirani akanishauri niwauze kwa mafungu. Alivyocheka sijasahau mpaka leo.

Ndipo nikarudi kusoma yale niliyoyakimbia shuleni. Sato ni kama sisi: jike ana kromosomu XX, dume XY, hivyo huzaliwa nusu kwa nusu. Lakini mwili wa kifaranga unashawishika. Akimaliza tu kiini cha yai tumboni, ukamlisha chakula chenye methiltestosteroni, yaani homoni ya kiume, kwa kawaida miligramu 60 kwa kilo, siku 21 hadi 28, hata mwenye XX anakuwa dume. Hata maji ya joto linalopita nyuzi 36 siku hizo hugeuza baadhi yao. Ukichelewa, basi. Na yule bwana aliyeniuzia, nilikuja kugundua, alikuwa anachota vifaranga bwawani kwa kijiwavu, wa juzi na wa mwezi uliopita, anawalisha pamoja. Wakubwa walishapita na ujike wao.

Ipo njia isiyo na homoni, naipenda kwa sababu dume alitoka kwetu. Mwaka 1960 Hickling, mtafiti wa samaki aliyefanya kazi Malacca, huko Malaysia ya leo, alitoa matokeo ya kupandisha perege jike wa Msumbiji na dume wa asili ya Zanzibar: watoto madume watupu. Ukigeuza, jike awe wa Zanzibar, unapata madume watatu kwa jike mmoja. Yule wa Zanzibar anafuata mtindo wa kuku: jike WZ, dume ZZ. Ila mbegu ikichanganyika hata kidogo, hesabu yote imekufa, na mabwawa yetu haya yanayofurika kila masika, nani analinda mbegu?

Sasa ushauri. Wenzangu, tunapenda sana kuambiwa. Muuzaji akiongea vizuri tunatoa pesa, halafu tunamlaumu Mungu. Kagua! Samaki akifika gramu 30 hivi mgeuze tumbo juu, paka pale penye njia ya haja ile dawa ya GV ya zambarau ya watoto wenye utando mdomoni, hesabu matundu. Dume ana mawili: la haja kubwa, na moja la mkojo na mbegu kwa pamoja. Jike ana matatu. Kagua hamsini, usikague watano. Kagua tena baada ya wiki mbili. Mimi nimekagua, na mwezi uliopita sato wangu mkubwa alipiga gramu 480. Yule jirani alikuja na ndoo. Nilimuuzia, bei ya wote.

Na wewe wa Kibaha, usimwage bwawa. Tenga majike kwa mkono, kisha tia kambale wachache ili wawale vifaranga, ila wawe wadogo kuliko sato wako, la sivyo watakula na mtaji. Mimi nilimwaga maji yote kwa hasira, usiku, na kesho yake nikaanza kutafuta pampu ya kukodi.