Tuzo ya Wolff: mfasiri hajipelekei kitabu mwenyewe

Ndugu, umeuliza kama tafsiri yako ya Kijerumani kwenda Kiingereza, ambayo bado iko kwenye kompyuta yako tu, inaweza kuingia Tuzo ya Helen na Kurt Wolff, tuzo ya wafasiri wa fasihi ya Kijerumani kwa Kiingereza. Hapana, haiwezi, hata iwe nzuri kiasi gani. Tuzo hiyo, iliyoanza 1996 kwa fedha za serikali ya Ujerumani (dola 10,000), ni ya kitabu kilichokwisha kuchapishwa Marekani, na anayekiwasilisha ni mchapishaji. Kwa hiyo mkumbushe mhariri wako mapema, maana nakala zisipotumwa kwa wakati, umekosa. Kitabu kikitoka Uingereza, angalia Schlegel-Tieck, tuzo ya tafsiri kutoka Kijerumani inayotolewa na Society of Authors, chama cha waandishi cha huko.

Kama bado hujachapisha, tafuta Tuzo ya Gutekunst. Hiyo ni ya wanaoanza: washiriki wote hupewa kipande kimoja cha Kijerumani wakifasiri. Soma masharti ya mwaka huo kabla hujaanza kazi.

Kwenye kipande chenyewe, wengi huteleza kwenye vijineno vidogo kama "doch". "Das habe ich dir doch gesagt" ukiitoa kama "nilikuambia", umeua lawama iliyomo. Sisi tuna "si nilikuambia!", na inakaa sawasawa kabisa. Kiingereza hakina kijineno cha namna hiyo, hivyo lawama hiyo itabidi uibebeshe mpangilio wa maneno au mkazo. Usiiache ipotee. Isome sentensi yako kwa sauti bila kutazama Kijerumani. Ukisikia mtu anatoa taarifa badala ya kulalamika, rudia.